Nafasi ya Jina la Mjane

3 Machi, Jumatatu

Bi Bashira kasema nisiandike chochote, nipumzike. Nimemuuliza napumzika na nini.

Daftari hili lilikuwa la Masoud, mume wangu, na leo ni siku ya kumi na mbili tangu tumzike. Nusu yake imejaa mwandiko wangu na maneno yake. Sukari ilimla macho miaka saba, basi kila baada ya alasiri alikaa pale kwenye kiti chake, mie kitandani na kalamu, yeye anasema mie naandika. Akitaka kumaliza sentensi husema "nukta", na mimi hapo hapo najua kapumua. Mkono umeshazoea. Ikifika alasiri unataka kazi, nami naupa kazi. Hakuna zaidi ya hapo.

Watu wananiuliza vipi hali, nasema Alhamdulillahi. Ukweli sisikii kitu. Sijalia hata siku moja. Bi Bashira kalia sehemu yake na sehemu yangu.

4 Machi

Saumu ya tatu. Futari muhogo na samaki. Nimekula kidogo wasije wakasema.

9 Machi

Bi Bashira ni dada mkubwa wa Masoud, ana miaka sabini na mbili, na nyumba hii ya Sokomuhogo ni urithi wao wawili. Yeye ndiye anayenishikia eda. Kioo kakigeuza ukutani. Wanja na mafuta mazuri kavitia kabatini, ufunguo kiunoni. Asmini ya uani anaichuma yote kila asubuhi, upepo usije ukaniletea harufu. Dirisha la njiani limefungwa. Miezi minne na siku kumi, kwa hesabu ya mwezi wa angani, mpaka Muharram mosi.

"Usiwape watu neno, Shemsa," anasema kila siku, kama mtu anayemkumbusha mwenziwe dawa.

Simlaumu. Yeye anaamua, mie nakaa. Nimemshukuru hata, kimoyomoyo.

14 Machi

Leo kaja Nadhira. Nilisikia "Hodi" yake, nikataka kujifanya nimelala.

Nadhira ni mtu wa Kendwa, kaskazini huko, miaka thelathini na kitu, alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli ya huko. Mwezi wa Januari mwenzao, Shahida, aliachishwa kazi mimba ilipoanza kuonekana. Wenziwe kumi wakaweka mafagio chini, nao wakafukuzwa siku hiyo hiyo, Nadhira mbele yao. Wakaja kumtafuta Masoud, kwa sababu Masoud, maskini ya Mungu, alikuwa mwalimu wa darsa asiyejua kumwambia mtu nenda kwa mwengine. Tulikwenda Kendwa mara mbili. Walisema, mie nikaandika, wakatia dole gumba.

Mara ya tatu alikwenda peke yake, Jumanne, jua kali, na sindano yake ya sukari kaisahau mezani. Alhamisi kafa.

Basi Nadhira akanipa mkono, "Shikamoo Bi Shemsa, poleni na msiba." Nikamwambia marahaba. Nikamtazama viganja, vimechubuka, sasa anamenya muhogo kwa muuza urojo mmoja Forodhani. Nikasema moyoni, wewe ndiye uliyenichukulia mume. Nilisema bila hasira, kama mtu anavyosema leo Ijumaa.

Kaosha vyombo vyote kabla ya kuondoka. Sikumwomba.

22 Machi

Nimefungua kurasa za nyuma. Kila mahali Sheikh Ubwa. Mtu huyu nimemlisha miaka kumi na tisa bila kumwona, maana Masoud alikuwa haweki tonge mdomoni ila amtaje.

Wacha nimwandike kwa maneno yangu mara moja, nipumue. Sheikh Ubwa alisomesha Dole, huko mashamba ya karafuu, zama za bibi zetu. Siku zile eda ilikuwa ya wenye watu wa kuwaletea chakula. Wachumaji karafuu, wajukuu wa watumwa wengi wao, wakifiwa na waume wana njia mbili: wakae ndani wafe njaa na watoto wao, au watoke wachume, na ulimwengu useme wamevunja eda, washerati hawa. Sheikh Ubwa akapanda mimbari Ijumaa moja akasema mjane asiye na wa kumlisha atoke mchana akachume, jioni arudi alale nyumbani kwake. Hakuyatunga. Aliyatoa kwa yule khaloo wa sahaba Jabir, dada wa mama yake, zama za Mtume, aliyekuwa katika eda ya talaka akataka kwenda kukata tende zake. Mtu mmoja akamkaripia. Mwanamke yule hakugombana naye, alikwenda kwa Mtume mwenyewe, na Mtume akamwambia toka ukakate tende zako, huenda ukatoa sadaka au ukafanya la kheri.

Wakubwa wa Dole wakauhama msikiti. Sheikh akabaki na maamuma wanne. Lakini asubuhi ya Jumamosi ile ile mjane mmoja alitoka na pakacha lake akaenda kuchuma, peke yake, wote wanamtazama. Wiki ya pili wakatoka saba.

Masoud alimtafuta jina mjane yule miaka na miaka. Alikwenda Dole, aliuliza vikongwe, wapi. Tulipofika hapo katika kuandika, ukurasa wa arubaini, akaniambia, "Acha nafasi hapo, tutalipata." Nikatia vinukta kumi na viwili.

Alikuwa akisema kila zama ina mtu wake wa kulisema neno lile lile. Ndiyo yaliyompeleka Kendwa. Aliona hoteli, akaona shamba la karafuu.

31 Machi

Sikukuu. Nimeswali chumbani. Tambi sikuzionja.

5 Aprili

Mvua.

6 Aprili

Mvua. Dari la ukumbini linavuja pale pale pa kila masika. Masoud alikuwa akiweka beseni, sasa naweka mimi.

11 Aprili

Mvua. Bi Bashira kapika boko boko, kanisimamia mpaka nimalize.

17 Aprili

Nadhira kaja na barua, maji yanamchuruzika buibui zima. Kesi yao imepangwa mbele ya wasuluhishi tarehe sita Mei, ofisi ipo hapa hapa mjini. Hoteli inasema yale maelezo ya wanawake ni ya kubuni. Ati Masoud aliyatunga nyumbani baada ya watu kufukuzwa, na Masoud hayupo wa kuulizwa.

"Wanataka aliyeandika aje," akasema. "Aseme ameandika wapi, lini, na aandike mbele yao waone mkono. Bila ya hivyo wanayaweka kando. Na sisi, Bi Shemsa, hatuna kingine. Kule kazini walituandikia tumeacha kazi wenyewe."

Nikamwambia niko edani.

"Nnajua. Lakini Maalim alikuwa akituambia..."

"Maalim kafa."

Bi Bashira alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, nikamwona anatikisa kichwa, karidhika. Nadhira kanywa chai, kaosha kikombe, kaenda zake mvuani.

23 Aprili

Mvua. Sina la kuandika.

6 Mei, Jumanne

Leo ndiyo siku yenyewe. Sikwenda.

Saa tatu nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha Masoud nasikiliza mvua. Saa nne nikajua wameanza. Ofisi ile kutoka hapa ni mwendo wa dakika kumi na tano, ukipita Mkunazini hata hulowi sana kwa vibaraza. Nilijihesabia hatua. Saa tano Bi Bashira kaniletea uji, akasema, "Umefanya vizuri. Heshima ya mtu ni subira yake." Nikaunywa.

Nataka niandike hili kwa sababu hakuna atakayelisoma. Eda imenifaa. Nikiulizwa neno nasema niko edani. Sitoki, sichagui, sitazami mtu usoni. Jibu la Sheikh Ubwa nalijua kuliko mtu yeyote aliye hai katika kisiwa hiki, nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Tena kutoka mchana kwa haja, siku hizi nani anagomba. Wajane wanakwenda hospitali, wanakwenda kazini, wanarudi. Si sheria iliyonikalisha. Nimejificha ndani ya sheria.

Na nimejificha nini? Sina hofu. Sina huzuni. Pakiwa na kitu humu ndani basi ni ile sindano iliyobaki mezani. Niliiona Jumanne ile, yeye kashafika msikitini anangoja gari. Nilikuwa naijua njia anayopita. Nikasema ah, atarudi mwenyewe akikumbuka. Nikaendelea kukuna nazi. Halafu miezi miwili na nusu namlaumu mmenya muhogo.

Basi hiyo ndiyo. Nimeiandika na bado sisikii kitu.

7 Mei

Nadhira kaja. Nilidhani atakuja kunitukana, nikaona afadhali.

Wasuluhishi wametoa siku nyengine, Alhamisi tarehe kumi na mbili Juni. Mwandishi asipokuja siku hiyo maelezo yanatupwa na kesi imekwisha.

"Jana tulikwenda kumi na moja," akasema, "iliposogezwa siku tumebaki wanne. Mume wa huyu kamkataza, yule kapata kazi Nungwi, mwengine kachoka tu."

Nikamuuliza kwa nini yeye haachi.

Akafikiri. "Mie sikuwa namjua huyo Sheikh Ubwa, sikusoma mie. Maalim ndiye aliyetuhadithia, kuwa Sheikh alipohamwa msikiti akabaki na watu wanne. Basi jana tupo pale nje nikahesabu, nikaona wanne. Nikawaambia wenzangu, haya, tumetimia."

Kacheka kidogo. Meno yake ya mbele yana mwanya, sijapata kuuona, kwa sababu sijapata kumtazama.

Nikamwambia habari ya sindano. Sijui kwa nini. Nilisema nikiwa nimeinamisha macho, yote, na nazi pia. Kisha akasema, "Siku ile sisi tulimwona anatetemeka, tukasema njaa, tukampa mkate. Kila mmoja wetu ana chake, Bi Shemsa."

15 Mei

Mvua kidogo. Nimelala mchana.

20 Mei

Shahida kajifungua mtoto wa kike. Nadhira kaleta salamu tu, hakutaja Juni. Mie pia sikutaja.

28 Mei

Jua. Beseni limekauka.

7 Juni

Sikukuu kubwa. Bi Bashira kachinja mbuzi, kagawa. Kila aliyeingia kumwamkia anamsifu kwa eda yangu, utasema yeye ndiye mjane.

9 Juni, Jumatatu

Baada ya alasiri nimemwambia Bi Bashira kuwa Alhamisi nitatoka. Nitakwenda asubuhi, nitarudi kabla ya magharibi.

Aliweka chini ungo wa mchele. "Hutoki."

"Ntatoka, Bi Bashira."

"Katika nyumba ya mama yangu hatoki mtu na eda. Watu watasema. Sisi si watu wa mashamba, Shemsa. Sisi ni watu wa Tumbatu, watu wa bahari, mwanamke wetu hakupata kuonekana njiani na eda yake."

Maneno hayo nayajua, kila arusi husemwa. Nikafungua daftari ukurasa wa arubaini nikamsomea. Yote, tangu mimbari mpaka pakacha. Nilipofika pa jina nikasema hapa pana nafasi, ndugu yako kaniambia niache.

Akaniuliza, "Kaandika nafasi?"

"Vinukta. Kalitafuta jina mpaka kufa kwake. Kenda Dole mara sita na macho yale."

Bi Bashira akaanza kupeta mchele ulioshapetwa. Kaupeta, kaupeta. Nikadhani ni hasira.

"Sichana," akasema.

Nikadhani anamwita mtu.

"Sichana binti Muhammad. Bibi yetu mimi na Masoud, mzaa mama. Tumbatu kaolewa tu, tena baadaye, na mume wa pili. Mtu wa Dole yule, mchumaji, na mama yake mchumaji, na bibi yake alinunuliwa. Mama yetu alikuwa mtoto wa mgongoni siku ile. Bibi alimfunga kanga akatoka naye, na watu walimtemea mate njiani, yakampata mama. Mama alikuwa akinihadithia mimi, kwa sababu mimi mkubwa na mimi mwanamke. Masoud hakuambiwa. Nikaapishwa nisiseme."

"Na wewe unamwona anakwenda Dole kuuliza."

"Nnamwona. Nnamfungia na chakula cha njiani."

Hapo akalia. Mwanamke huyu kanililia mie miezi mitatu na nilikuwa nadhani ni desturi tu. Kulia kwa leo kulikuwa kwengine, bila sauti, mdomo wazi. Nikamshika mkono. Nikakumbuka kila "usiwape watu neno" aliyoniambia. Kumbe anayelindwa si mimi, ni mama yake mgongoni na mate usoni.

Nikachukua kalamu. Akauzuia mkono wangu.

"Usiandike," akasema.

Nikamwahidi, sikuandika pale. Hapa nimeandika, Mungu anisamehe, lakini ule ukurasa sikuugusa.

12 Juni, Alhamisi

Nilitoka saa mbili na nusu. Ufunguo wa mlango mkubwa niliukuta umewekwa juu ya viatu vyangu. Bi Bashira hakutoka chumbani.

Jua la baada ya masika lilinitia macho kiwi. Miezi minne kasoro nilikuwa sijauona ukuta wa nyumba ya jirani. Pale Mkunazini mke wa muuza kahawa alinitazama akamgusa mwenziwe. Nikapita.

Nadhira na wale watatu walikuwa wamekaa ngazini, mmoja wao Shahida na mtoto wake. Waliponiona walisimama wote wanne, wakanipisha katikati.

Wasuluhishi ni watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Wakili wa hoteli ni kijana msafi, ana adabu. Akaniuliza niliandika lini, wapi, nani alikuwepo. Nikajibu. Tarehe nazijua, baraza naijua, mbuzi aliyekula karatasi ya tatu ikabidi niiandike upya namjua pia. Yule mwanamke akacheka kidogo.

Kisha wakili akasema, kwa upole, "Bibi, wewe uko edani. Mtu anayeivunja eda yake kuja hapa, tumwamini vipi kwa kiapo? Nani kakuruhusu?"

Hiyo ilikuwa karata yake. Nilimwona Nadhira kafunga macho.

Nikamwambia, "Mwanangu, sikuivunja. Nimetoka mchana kwa haki ya watu, na leo usiku nalala nyumbani kwangu. Alipata kutoka mjane mmoja Dole na mtoto mgongoni, kabla yake alipata kutoka mwanamke mmoja Madina. Ukitaka aliyeniruhusu, waulize hao."

Jina sikulitaja. Nimeahidi.

Msuluhishi wa katikati, mzee wa makamo yake Masoud, akasema basi, bibi apewe karatasi. Nitasoma, andika. Akachukua maelezo ya Shahida akaanza. "Jina langu Shahida. Nilikuwa nikisafisha vyumba vya ghorofa ya pili. Nilipotimiza miezi mitano niliitwa ofisini." Sauti yake haifanani kabisa na ya Masoud. Niliandika vizuri, mkono haukutikisika. Akafika mwisho wa kifungu, akapumua, akasema:

"Nukta."

Tangu Februari hakuna mtu aliyeniambia nukta.

Nililia. Sikulia vya heshima. Nilihisi kitu kinapasuka chini ya mbavu, na kilichotoka kilikuwa Masoud mzima, na kiti chake, na sindano mezani, na nazi, na ile Jumanne niliyomwacha aende. Kiliniuma mpaka nikashika meza. Yule mzee akasema tusimame kidogo. Nikasema hapana, soma. Akasoma. Nikawa nalia na naandika, machozi yakaanguka juu ya neno "ofisini" wino ukatawanyika, lakini mistari kumi niliimaliza, na nukta zote nikazitia.

Wakaziweka karatasi mbili pamoja. Hata wakili alizitazama mara moja tu.

Maelezo yamekubaliwa. Uamuzi tarehe ishirini na nne.

Nimerudi kabla ya alasiri. Bi Bashira alikuwa amekaa ukumbini kanielekea. Akatazama macho yangu yalivyovimba, akasema, "Afadhali." Akaniwekea chakula.

13 Juni

Nimelia kutwa. Kichwa kinauma. Njaa pia, nimekula sahani mbili.

24 Juni

Wamesema wote kumi na moja warudishwe kazini. Hoteli ina haki ya kukata rufaa, na Nadhira anasema itakata. Wale saba waliokaa pembeni leo wamempigia simu mmoja mmoja. Nikamuuliza kama hakuwakasirikia. Akasema, "Wiki ya pili walitoka saba, si ndivyo alivyosema Maalim?"

Nilidhani nitafurahi zaidi. Nimefurahi kiasi changu. Nilitaka kumhadithia mtu mmoja tu, na kiti chake kitupu.

27 Juni, Ijumaa. Muharram mosi

Eda imekwisha. Bi Bashira kaniogesha kwa maji ya asmini, kanivika kanga mpya, kioo kakigeuza. Nimezeeka. Nimesema hivyo na yeye akasema, "Ulikuwa hivyo hivyo, hukuwa unatazama."

Kisha akafungua dirisha la njiani, mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha Masoud. Watu wanapita kwenda msikitini. Akasema, si kwa sauti ndogo, "Lete daftari. Ukurasa ule."

Nikaleta. Nikakaa kitandani na kalamu.

"Sichana," akasema. Akangoja nimalize. "Binti Muhammad. Wa Dole."

Nafasi niliyoacha ilikuwa ndogo. Jina limebanana, "wa Dole" imebidi iteremke ukingoni, na vinukta vyangu vinaonekana chini ya wino. Lakini limeingia.

"Nukta," akasema Bi Bashira.